Abdilatif Abdalla, mshairi aliyefungwa kwa sababu ya swali

Ndugu wasikilizaji wa Kindu, na ninyi jamaa mlioacha nyumba zenu kwa sababu ya vita, leo ninawaletea habari za mtu wa lugha yetu: Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, Kenya.

Alizaliwa mwaka wa 1946. Mwaka wa 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika karatasi ya siasa yenye jina «Kenya: Twendapi?», akiukosoa utawala wa Rais Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1969 akahukumiwa miaka 3 gerezani.

Huko alifungiwa peke yake, akakatazwa kuandika. Lakini aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje. Mwaka wa 1973 yakawa kitabu, Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata zawadi ya fasihi yenye jina la Kenyatta yuleyule!

Alipofunguliwa mwaka wa 1972, alikwenda uhamishoni. Alifanya kazi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kwenye redio ya BBC kule London, halafu akafundisha Kiswahili huko Leipzig, Ujerumani. Nchi zilibadilika, lakini lugha aliyotoka nayo kwao hakuiacha.

Kwa nini ninawaambia haya? Hapa kwetu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli ng'ambo ya mto, ninakutana na jamaa zilizokimbia vita. Wananieleza kwanza chakula, dawa na masomo ya watoto, na ni haki yao. Lakini mama mmoja aliniambia kwamba tangu afike, kila anayekuja na karatasi anamuuliza wako watu wangapi nyumbani. Jina la kijiji chake hakuna aliyemuuliza.

Sisemi kwamba maisha yenu ni sawa na ya Abdilatif. Yeye alipata kazi na mshahara ugenini. Wengi wenu hamkupata. Lakini jambo moja alilofanya linawezekana hapa pia, kwa kaye moja na biki.

Andikeni jina la kijiji na siku mliyotoka. Andikeni majina ya waliokufa na mahali walipozikwa. Andikeni shamba lenu linapakana na la nani. Siku ya kurudi, mwingine anaweza kusema shamba ni lake. Na mtoto aliyezaliwa hapa ataulizia kwao.

Kaye hiyo itunzeni vizuri, msiionyeshe kila mtu. Mzee asiyejua kuandika aseme, mtoto anayesoma shuleni aandike. Waanze leo jioni, kabla majina hayajasahaulika.