Jiwe Tulilolikataa

Miaka michache iliyopita mtoto mmoja wa darasa letu, hapa bondeni Mbwemkuru, alituletea jiwe dogo jeusi, amelifunga katika kitambaa. Akasema, "Mwalimu, babu amelikuta shambani asubuhi, baada ya ule mshindo wa usiku. Asema ni kimondo." Tukalipima mkononi, tukaliona jepesi; tena sumaku ya shule haikulishika. Tukamjibu, "Kimondo ni chuma, mwanangu. Hili ni jiwe tu." Wenzake wakacheka, naye alipokuwa akirudi kwao akalitupa mtoni.

Maana sisi tulijua kimondo kimoja tu, kile cha Mbozi, chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa tani 16 hivi, nacho ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Hatukujua ya kuwa vimondo vingi vinavyoanguka ni mawe.

Baadaye tulisoma, na kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyozidi kutatizika. Wataalamu huvigawa vimondo mafungu matatu: mawe, chuma, na vile vya mawe na chuma pamoja. Lakini hicho cha Mbozi chenyewe hakina jamaa. Hakiingii katika kundi lo lote la vyuma linalojulikana. Nalo jiwe la Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, lililoanguka tarehe 16 Desemba 1938, ni laini kama udongo mkavu, na ndani yake mna maji yaliyofungamana na madini. Lahesabiwa katika kondriti, yaani mawe yaliyoitwa hivyo kwa ajili ya vipunje vya mviringo vilivyomo ndani yake. Na kumbe hilo halina vipunje hivyo, au karibu halina! Limewekwa humo kwa kuwa asili za vitu vilivyomo, ukiondoa zile za hewa, zalingana na za jua. Leo kundi zima laitwa kwa jina la Ivuna, na vumbi la sayari ndogo Ryugu, lililoletwa na chombo cha Wajapani mwaka 2020, limeonekana kuwa la namna hiyo.

Lililotuchoma moyo ni la Peramiho, upande wa Songea, la mwaka 1899. Lafanana na mawe ya volkano, wala halina chuma ila kidogo mno. Sumaku yetu ingalilikataa vile vile. Mawe ya namna hiyo huungua nje yapitapo hewani, yakapata ngozi nyeusi yenye kung'aa, na ndani yakabaki ya kijivujivu.

Basi tulimwendea yule babu kumtaka radhi. Hakukasirika. Akasema, "Lilikuwa limemeguka pembeni, Mwalimu. Nje jeusi kama chungu, ndani kama majivu. Hukuona?"

Hatukuona, kwa maana hatukuligeuza.