Mnara Mmoja

Nilipoanza kufundisha nasari karibu na Mutituni, katikati ya miaka ya 1990, darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa. Watoto walizidi hamsini, wamebanana kwenye mabenchi. Nilikuwa na ubao, chaki na kijiti. Kazi yangu ilijulikana: mtoto afike darasa la kwanza akijua kusoma, kuandika na kuhesabu, maana shule nyingi zilimpa mtihani kabla ya kumpokea. Basi tulikariri. Ba be bi bo bu, asubuhi hadi saa sita. Waliimba vizuri mno, na uimbaji ule ulinidanganya kwa miaka, kwa sababu asiyejua alifichwa na sauti ya jirani yake.

Mambo mengine ya mtoto sikuyapa nafasi. Yupo ambaye mamake alikwenda Nairobi kufanya kazi za nyumba, yupo ambaye hakutamka neno tangu muhula uanze. Aliyelia nilimwambia anyamaze. Waliopigana niliwachapa wote wawili bila kuuliza.

Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku viboko shuleni. Nikakitupa kijiti, ila ukali ulibaki mdomoni. Nilijua kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake kwa maneno mawili tu, na hilo bado linaniuma.

Miaka michache baadaye nilianza kozi ya Montessori jijini Nairobi, likizo baada ya likizo. Jina hilo nilikuwa nimelizoea kwenye mabango ya shule za watu wenye magari. Kumbe Maria Montessori, daktari Mwitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini nao wakabaki kuzurura ngazini. Niliposikia hivyo niliwaona watoto wangu. Hawa ndio walioanzishiwa elimu hii, si wale wa mabango.

Vifaa vyake, hata hivyo, vilikuwa ghali. Nikapanda matatu ya barabara ya Kitui hadi Wamunyu, kwa wachongaji. Ufundi wao una historia ndefu: Mutisya Munge alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Nilimweleza mzee mmoja kwamba nataka mnara wa vipande kumi vya mchemraba, kidogo kabisa kiwe sentimita moja kila upande, kinachofuata mbili, hadi kumi. Alivichonga kwa jicho, kama anavyochonga swara.

Vilipendeza, lakini cha sita na cha saba vilikaribiana. Watoto walivishika, wakavigeuza, kisha wakanijia: "Mwalimu, ni hiki?" Hapo ndipo nilipoelewa maana ya vipimo vile. Kipande kikiwa sahihi, mtoto aliyekosea huliona kosa mwenyewe, akalirekebisha bila kumtazama mtu usoni. Kikiwa na kasoro, anarudi kumwomba mwalimu hukumu. Nikarudi Wamunyu na rula. Mzee alipima, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hapa jicho limeshindwa. Tutumie msumeno." Seti ya pili ndiyo ninayoitumia hadi leo, nimeipaka rangi ya waridi mara nne.

Fedha zilitosha mnara mmoja. Niliona haya kumwambia mkufunzi wangu, naye akanijibu kwamba ndivyo inavyotakiwa: kila kifaa kiwe kimoja tu darasani. Sikumwamini mpaka nilipoona ukweli wake kwa mvulana mmoja wa miaka minne, mwenye tabia ya kuuma wenzake. Alitaka mnara, nao ulikuwa juu ya mkeka wa msichana wa miaka sita. Nilimwonyesha namna ya kutazama mikono ikiwa nyuma. Akasimama, midomo ikimtetemeka. Mimi pia nilijizuia, maana ulimi ulikuwa tayari kumkemea kabla hajatenda lolote. Msichana hakuharakisha. Alipomaliza alirudisha vipande rafuni, kimoja kimoja, akamgeukia: "Sasa ni zamu yako."

Siku ile hakuuma mtu. Kesho yake aliuma. Ilichukua karibu muhula mzima. Lakini kabla ya kufunga shule nilimkuta akimfundisha mtoto wa miaka mitatu kubeba kile kipande kikubwa kwa mikono miwili, polepole, akimwambia asiogope.

Wazazi walilalamika kuhusu mazoezi ya kazi za nyumbani. "Mwalimu, tunalipa karo ili afagie na kumimina ndengu?" Zamani ningebishana. Siku hizi namwekea mzazi kiti pembeni, akae saa moja akitazama. Tangu mtaala mpya wa umilisi, unaosisitiza kutenda, ulipoanza kutumika mwaka 2019, maswali hayo yamepungua kidogo.

Kusoma nako hakukuchelewa kama walivyohofia. Watoto hupapasa herufi za msasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake, kisha hupanga maneno kwa herufi za mbao kabla hata hawajaweza kusoma. Msichana mmoja alikaa chini ya mwembe wetu akitaka kuandika neno la Kikamba la mti. Aliweka m, akaweka u, akaitoa. Akaweka o, akaitoa pia. Alirudia hivyo mara kadhaa, akitamka kwa sauti ya chini. Hakukosea. Kikamba kina irabu saba, na mimi nilikuwa nimemwekea tano za Kiswahili. Miaka yote ile ya ba be bi bo bu nisingemsikia.

Jioni nilikata ĩ na ũ kwenye msasa na kuzibandika kwenye vibao. Asubuhi gundi ilikuwa haijakauka vizuri, naye alikuwa tayari ameshanyoosha kidole.