Kutoka Ngome Kongwe Hadi Malindi: Jioni Moja Mbele ya Bahari ya Unguja

Qur'ani Tukufu imetuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Tunapoyasikia mafundisho haya, fikra zetu huenda mbali: Misri, Sham, Andalusia. Hata hivyo, wapo waliotutangulia walio jirani nasi, na nyumba zao bado zinatazamana na bahari. Katika likizo ya shule iliyopita tuliwachukua watoto wetu watatu pamoja na bibi yao, tukavuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, kwa nia ya kuutembea kwa miguu ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe. Kutoka Ngome Kongwe hadi Msikiti wa Malindi ni mwendo wa takriban kilomita moja. Sisi tuliutumia muda wote ulio baina ya Alasiri na Magharibi.

Bibi ni mzaliwa wa Unguja aliyeondoka akiwa msichana. Tulidhani ndiye atakayekuwa kiongozi wetu, lakini mwanzoni alinyamaza. Alitembea polepole akiushika mkono wa mjukuu wake mdogo, akitazama zaidi kuliko kusema.

Tulianzia Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno hao. Kuta zake ndefu za rangi ya kahawia zimeona mengi: zilikuwa boma la askari, kisha jela, na baadaye karakana ya reli iliyokwenda Bububu. Siku hizi ua wake hukusanya watu wa matamasha na wauza vinyago. Watoto waligusa mawe ya ukuta na kushangaa kuyaona matundu madogo madogo. Tuliwaeleza kwamba hayo ni matumbawe yaliyotolewa baharini na nchi kavu, yakaunganishwa kwa chokaa. Mji mzima umejengwa hivyo. Jiwe la namna hii hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena, nayo chokaa huliachia lipumue. Ukilipaka saruji unyevu hunaswa ndani, na ukuta huanza kuoza bila ya mwenye nyumba kujua.

Mbele ya ngome ipo bustani ya Forodhani, ambako vijana walikuwa wakijirusha baharini mmoja baada ya mwingine huku wauzaji wakipanga meza zao za mishikaki na juisi ya miwa. Tuliwaahidi watoto kwamba tutarudi usiku kula, nasi tukaligeukia jumba tulilolijia.

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Huyu ndiye aliyeuletea mji maji ya chemchemi kwa mabomba, na aliyeanzisha mtambo wa kuchapa vitabu vya dini. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba, kwa sababu upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Barghash alitaka kumbi pana, hivyo akatumia mihimili na nguzo za chuma kutoka ng'ambo. Jumba likapata baraza ndefu pande zote, milango mikubwa yenye aya za Qur'ani zilizochongwa na kutiwa dhahabu, na baadaye umeme na lifti, vitu ambavyo wenyeji hawakuwa wamewahi kuviona. Ndipo likapewa jina hilo.

Sisi hatukuyaona maajabu hayo. Tuliona uzio, vyuma vya mafundi, na pengo palipokuwa na mnara wa saa. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka na kuwaua wafanyakazi wawili. Mwenyezi Mungu awarehemu. Haikuwa mara ya kwanza jumba hilo kutoa onyo. Mwaka 2012 pia kipande chake kilianguka. Chuma na upepo wa chumvi havipatani, na mvua ikishapata njia katika paa haihitaji kusukumwa.

Binti yetu wa miaka kumi alisimama kwenye uzio kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Baba, kama lilikuwa zuri namna hiyo, mbona liliachwa mpaka likaanguka?"

Tulijaribu kumjibu kwa habari za fedha na utaalamu. Hakuridhika, na kwa kweli hata sisi hatukuridhika.

Hatua chache mbele lipo kasri jeupe lenye kuta za meno meno. Hapa palikuwa na Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, nyumba za Sayyid Said bin Sultan na warithi wake. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukaa kwenye kiti cha ufalme bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari zao zilizipiga mizinga nyumba hizo kwa muda wa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na Beit al-Hukm haikuonekana tena. Kasri la leo lilijengwa upya baada ya hapo, likakaliwa na masultani hadi Mapinduzi ya 1964, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Ndani yake kuna chumba cha kumkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye wasichana wenzake walipofundishwa kusoma tu, yeye alijifundisha kuandika kwa siri. Saa ya kuingia ilikuwa imekwisha pita, lakini kisa hicho kiliwatosha binti zetu kukizungumza njia nzima.

Kando ya kasri, nyuma ya ukuta, wamelala baadhi ya masultani, akiwemo Sayyid Said mwenyewe, aliyefariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Oman. Husimuliwa kwamba mwanawe Majid alianza kumjengea baba yake kaburi la fahari, wanazuoni wa Kiibadhi wakalipinga, na kazi ikasimama. Hapo hatukuhitaji kuwaambia watoto mengi. Bwana wa bahari yote ile amepata kipande cha ardhi kama chetu sote.

Lakini haki inatutaka tuseme na la pili. Utajiri uliojenga kasri hizi ulitoka katika karafuu na pembe za ndovu, na pia katika migongo ya watu waliouzwa. Wengi walishushwa katika ufuko huuhuu tuliokuwa tukiutembea, hadi mwaka 1873 Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alipotia saini mkataba wa kuifunga biashara ya utumwa wa baharini. Mtoto wetu wa kiume aliuliza kama waliofanya hayo walikuwa Waislamu. Tulimjibu kwamba wengi wao walikuwa Waislamu, na kwamba dhulma haigeuki kuwa halali kwa sababu mtendaji wake anaswali. Mzazi akiwaonesha watoto nakshi za milango akawaficha minyororo, amewafundisha nusu ya historia.

Tulipita Mtini, penye mti mkubwa ambao kivuli chake kimewahi kuwa karakana ya mafundi wa vyombo vya baharini. Hatua chache zaidi tukafika mbele ya jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, kijani na nyeupe, na vioo vya rangi. Bibi akasimama.

"Hapa nililetwa na mama yangu," alisema. "Nilikuwa na homa. Mama hakuwa na kitu. Nilipewa dawa, tukarudi nyumbani."

Hilo ni jengo la zahanati ya kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekusudia kuwajengea watu hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijaisha, na mjane wake akalimaliza mwaka 1894. Baadaye likanunuliwa kwa mali ya sadaka ya Haji Nasser Nurmohamed. Chini pakawa zahanati ya hisani, na juu pakawa nyumba za kukaa watu.

Binti yetu alimtazama bibi yake, kisha akalitazama jengo. "Kumbe hili lilikuwa la Bibi," alisema.

Basi tukapata pa kuanzia katika kumjibu swali lake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na la kwanza ni sadaka yenye kuendelea. Wakfu ni mlango mkubwa wa sadaka hiyo, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mali ya wakfu. Katika hukumu zake, mafakihi wameeleza kwamba mapato ya wakfu hutangulia kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapate fungu lao. Wazee wetu walijua kwamba paa lisilotengewa fungu litavuja. Hata hivyo, hukumu pekee haipandi juu ya paa. Zahanati ile nayo ilipoachwa ilichakaa vibaya, hadi ilipofanyiwa matengenezo makubwa katika miaka ya 1990. Jengo hutunzwa na watu wanaolihesabu kuwa lao, na watu hao wakiondoka au wakisahau, dhahabu ya milango haiwezi kulishikilia.

Adhana ya Magharibi ilitukuta Malindi, karibu na msikiti wenye mnara wa umbo la pia, mmoja kati ya michache ya aina hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Si mrefu wala haushindani na kasri. Wanaume tuliingia kuswali, na akina mama wakatangulia nyumbani tulikofikia.

Kwa familia itakayopenda kuifuata njia hii, tunashauri muanze baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa. Vaeni viatu vyepesi na mavazi ya heshima, kwani huo ni mji wa watu wanaoishi. Anayetaka kuingia makumbusho atenge asubuhi yake, na mwenye mzee nyumbani asimwache.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa mtaani kwetu. Baada ya swala likapitishwa tangazo la mchango wa kujenga mnara mpya. Ilikuwa imenyesha usiku, na katika safu ya nyuma ndoo mbili zilikuwa zikipokea maji kutoka darini. Tulipolisimulia jambo hilo nyumbani wakati wa chakula, binti yetu alikwenda chumbani, akarudi na akiba yake ya sarafu, akaiweka mezani mbele yetu.

"Yangu ni ya paa," alisema.