Mgeni wa Redio Kuukuu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutujia kila tutazamapo kidude kidogo, mfano wa kiberiti, kilichochomekwa nyuma ya redio kubwa ya sebuleni kwetu. Redio hiyo ni ya zama za kanda. Spika zake mbili za mbao zingali nzima, bali kanda zenyewe zimekwisha kuharibiwa na unyevu. Mgeni huyu ameiponya. Kompyuta ya mpakato iliyo mezani huurusha muziki hewani, kidude huudaka, nayo redio huupaaza, pasipo waya kati yao.

Njia hii huitwa Bluetooth. Ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi mwaka 1994, na jina lake ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark katika karne ya 10, akumbukwaye kwa kuwaunganisha watu wake. Kwa hakika ni redio ndogo tu. Kompyuta huubana muziki ili upungue uzito, kisha huutuma kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Kwa vyombo vingi vya nyumbani mwendo wake ni mita 10 hivi. Ukuta wa zege huyadhoofisha mawimbi hayo. Hata mtu akisimama katikati sauti huweza kukatika, kwa kuwa maji yaliyomo mwilini huyameza.

Majirani hutuuliza, "Mwalimu, hicho hakili bando?" Hakili. Kilacho bando ni kuuleta muziki kutoka kwenye intaneti hadi kompyutani: kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja humaliza megabaiti 144. Wimbo uliokwisha kuhifadhiwa ndani ya kompyuta husafiri hadi redioni bure. Kwa mshahara wa mwalimu, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, hatuandiki haya kwa ajili ya kusifu chombo. Sisi tufundishao Kiswahili hapa Uganda, mbali na pwani, tunajua shida ya masikio. Katika Kiganda, sauti za l na r hupokezana kwa kufuata irabu iliyotangulia, wala hazitenganishi maana. Basi mwanafunzi husema "kula" akikusudia "kura", naye haoni kosa, kwani sikio lake halijazoea kuzipambanua. Mdomo wa mwalimu mmoja hautoshi kumzoeza, na spika ndogo za kompyuta haziwafikii walioketi nyuma.

Ndiyo sababu wanafunzi wanapokuja kwetu Jumamosi tunawasikilizisha taarabu kwa redio kubwa. Humo wamemsikia Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mikwaruzo ya santuri haikosi, lakini hapo ndipo ubishi huzuka: huyu kasikia hivi, yule kasikia vile; wimbo hurudishwa nyuma, neno hupimwa tena. Ubishi huo haupatikani pale kila kijana anapojifungia na visikizio vyake masikioni. Lugha hujifunzwa kwa kusikia pamoja na kusahihishana.

Tunaongeza tahadhari moja. Sauti itumwayo kwa njia hii huchelewa kidogo, sehemu ndogo ya sekunde. Kwa wimbo peke yake haidhuru. Lakini mkionyesha picha ya midomo ili kufundisha matamshi, midomo huweza kutangulia na sauti kufuata, na mwanafunzi akachanganyikiwa. Siku hiyo tumieni waya.

Basi, walimu wenzetu, redio kuukuu zilizo chini ya vumbi msiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zifuteni, mzijaribu spika zake, na mkizikuta nzima, zileteeni mgeni. Vijana wetu wana hamu ya kuisema lugha hii. Kwanza na waisikie vema.