Vigari vya Beringi

Kikwajuni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na neema ambayo mitaa mingi ya Unguja haikuwa nayo: njia ngumu hadi mlangoni. Majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964 yalituletea lami na saruji, na kigari cha beringi hakitaki zaidi ya hapo. Mchangani beringi inazama papo hapo. Ndiyo maana wenzetu wa Paje na Makunduchi walikuwa wakichonga ngalawa za kuchezea, na sisi wa mjini tukiunda magari.

Unguja haina milima. Mwinuko wake mkubwa ni ukingo wa Masingini, nao haufiki mita 150. Kwa hiyo kigari chetu hakikuwa cha kuteremkia bali cha kusukumwa: mmoja dereva, mwingine injini. Ugomvi wote wa utoto wetu, naweza kusema, ulitokana na zamu ya kuwa injini.

Bidhaa zilikuwa adimu. Hadi milango ya biashara ilipofunguliwa Zanzibar kuanzia 1984, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, msumari mpya ulikuwa mali. Tuliokota iliyopinda, tukainyoosha juu ya jiwe. Mbao tulipewa na maseremala, mabaki ya zile walizoundia bodi za gari za abiria za kwenda shamba. Beringi tuliziomba gereji, jioni, tukitoka chuoni na msahafu kwapani.

"Shikamoo fundi. Hamna beringi mbovu?"

"Marahaba. Ingieni mwokote, ila msichafue kanzu zenu, mama zenu watanijia juu."

Beringi iliyochoka kwa lori ni nzima kabisa kwa mtoto. Tuliilaza ndani ya mafuta ya taa usiku kucha mpaka gololi zake zikazunguka bila kukwaruza. Kisha kazi ya kisu: kuchonga ncha ya mti wa ekseli taratibu, ukijaribisha kila mara, mpaka beringi ikaingia kwa nguvu ya nyundo tu. Ikiingia kwa ulaini, itachomoka njiani. Ekseli ya nyuma hupigiliwa misumari ikatulia. Ya mbele hushikwa na bolti moja katikati, ili iweze kugeuka kwa kamba au kwa nyayo za dereva. Hakuna aliyetuandikia haya. Mkubwa wa mtaa alimwonyesha mdogo, na mdogo alipokua akamwonyesha anayemfuata. Baba zetu hawakugusa hata msumari mmoja, wala hatukuwaomba.

Na makelele! Chuma juu ya lami husikika mtaa wa tatu. Baada ya adhuhuri, watu wamelala, dirisha linafunguliwa: "Tokeni hapa, wana wa watu!" Tunakimbilia Mnazi Mmoja. Huko Mji Mkongwe hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kuta za mawe za vichochoro zinaurudisha mlio maradufu, na wazee wa barazani hawakuwa na subira nao.

Ukubwani nikasoma kwamba watoto wa Marekani wana mashindano makubwa ya magari yasiyo na injini, yaliyoanza 1934 na kuhamia Akron, Ohio, mwaka uliofuata, na kwamba gari dogo la mbio lenye injini lilibuniwa California mwaka 1956 na Art Ingels. Lakini moyo wangu uko Goma, mashariki mwa Kongo, ambako chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hubeba magunia ya viazi na makaa, na tangu 2009 ina sanamu yake kwenye mzunguko wa barabara. Pale ubao na gurudumu vimepewa heshima vinayostahiki.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Magari yaliyotumika Japani yakajaa, Vespa zikajaa, na njia tulizochezea zikawa za wenye haraka. Sikukuu ilipofika, maduka ya Darajani yakawa na vigari vya plastiki vinavyovunjika kabla mkono wa Idi haujaisha. Kisha vyuma chakavu vikawa biashara. Beringi iliyokuwa ikiokotwa sasa inapimwa kwenye mizani. Watoto wakaacha kuunda, na ule mnyororo wa mkubwa kumwonyesha mdogo ukakatika. Wanangu walipofika umri wa kutaka kigari, hapakuwa na kijana mtaani wa kuwafundisha. Kazi ikatuangukia sisi wazazi.

Tuliunda chetu likizo ya skuli. Ubao wa mita moja na robo tuliupata kwenye makreti ya mizigo yaliyotupwa nyuma ya duka. Magurudumu ya masanduku ya safari tuliyakataa: ni madogo, kila ufa unayanasa. Bora ya kigari cha mtoto mchanga cha mtumba. Yana mpira, hayapigi kelele, na jirani analala. Tulichonunua ni bolti, nati na kamba. Breki ni mti wenye kipande cha tairi, unaovutwa ukasugua chini. Enzi zetu breki ilikuwa kisigino.

Binti yangu ndiye aliyepasua mbao. Nilishika ubao, yeye akashika msumeno.

"Baba, mkato umepinda."

"Hujaharibu, mwanangu. Anza tena juu ya mstari."

Akaanza tena. Ndiye dereva wetu pia, jambo ambalo Kikwajuni ya utoto wangu sikuliona kwa msichana yeyote, na ninafurahi kwamba hilo nalo limebadilika. Mzazi anayeunda peke yake kisha akamkabidhi mtoto gari lililokamilika amemnyima sehemu tamu zaidi.

Kinachobaki ni pa kuliendeshea. Nawaomba masheha wa mjini wakae na manispaa, wafunge kipande kimoja cha barabara Jumapili asubuhi kwa ajili ya watoto. Nanyi mafundi wa gereji, kabla hamjawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, tengeni debe moja la beringi kuukuu, na mtoto akija kuomba, mpeni.