Mfarishi wa Mama

Mama wenzetu, mama yetu alitufundisha kushona. Sasa presha ya macho inamwibia nuru. Alipotutembelea sisi mabinti zake huku Arizona, tulimzungusha kwa gari na kumshonea mfarishi wa viraka, kila mahali kiraka chake. Bonde la Grand Canyon, lenye kina cha kilomita 1.6 hivi, tulilishona tabaka juu ya tabaka kama miamba yake. Minara ya mawe ya Monument Valley, katika nchi ya Wanavajo, ni jinzi ngumu. White Sands, New Mexico, ni satini: mchanga ule mweupe wa jasi hauchomi nyayo, na Mama alivua viatu akacheka. (Uzi bado anautunga mwenyewe kwenye sindano, hataki msaada!) Jioni hufumba macho, akapapasa, akataja mahali. Juzi kiraka kimoja kilimshinda. Tumekifumua, tunakishona upya kwa uzi mnene.