Kwa Mpwa Wangu Aendaye Jinja

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu Mwanza. Bibi yako hajambo, anakuombea dua. Mama yako ameniambia kuwa likizo hii wewe na wenzako mnakwenda Jinja, Uganda. Nimefurahi mno. Maji uliyojifunzia kuogelea hapa kwetu hutoka ziwani kupitia mlango mmoja tu, na mlango huo uko Jinja.

Najua mnafuata mashua za mpira kwenye maporomoko. Nendeni, tena msichelewe. Maporomoko ya Ripon, aliyoyaona msafiri Mwingereza Speke mwaka 1862, yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Bujagali nayo ikazama bwawa lake lilipokamilika 2012, na Isimba likafuata 2019. Umeme ni lazima, sibishi. Lakini Bujagali palikuwa mahali pa ibada kwa Wasoga, makao ya mzimu mkubwa, nami nikifikiria walichopoteza naona uchungu. Maporomoko ya Itanda bado yananguruma. Kaza jaketi lako, na mashua ikipinduka lala chali, miguu itangulie mbele, usipambane na mkondo.

Penye chanzo cha Nile mtapiga picha, mtaona sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni hapo. Saa moja inatosha.

Siku nzima, nakusihi, wapeni Wasoga wenyewe. Tafuteni mwenyeji awapeleke kijijini kusikia embaire, marimba ya magogo yanayolazwa juu ya migomba, chini limechimbwa shimo la kukuza sauti. Watu kadhaa huyapiga pamoja, wameketi pande mbili wakitazamana. Ulizeni pia habari za bigwala, tarumbeta za vibuyu za wafalme wa Busoga. Kila tarumbeta ina sauti yake moja, hivyo wimbo hautimii mpaka wapigaji wote wawepo. Falme zilipofutwa Uganda miaka ya 1960, muziki huo ulikosa pa kupigwa, na mwaka 2012 UNESCO iliuorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kijana akiketi kusikiliza kwa heshima, wazee hupata sababu ya kuendelea kufundisha.

Msirekodi kabla ya kuomba ruhusa, wala msiondoke bila kuwashukuru wapigaji kwa chochote mlichojaliwa. Asubuhi kuleni rolex ya barabarani, chapati iliyoviringwa na mayai. Itawashibisha hadi mchana.

Mkifika, nipigie simu.

Mjomba wako